Ampli Sitini Juu ya Magoti

Kuna watu husafiri na Biblia, kuna wanaosafiri na mke. Marcellin, fundi redio wa mji wa Kasongo, mkoani Maniema, na mpiga gitaa wa kwaya ya parokia, alisafiri na ampli.

Lilikuwa sanduku la mbao la kukuzia sauti ya gitaa, lenye kimo cha mtoto wa miaka minne na uzito wa mfuko wa saruji. Kwa miaka ishirini liliwavunja migongo Wakristo wa kila rika. Lilipanda kamioni, likapanda mkokoteni, na mara moja lilibebwa kwenye machela iliyoandaliwa kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa akaambiwa angoje kidogo. Likiwashwa, lilinguruma hata kabla gitaa halijaguswa. Watu walimwita Marcellin Papa Ampli, naye aliitika jina hilo haraka kuliko lile la ubatizo.

Sasa nitakuambia siri ambayo hata padri hakuwahi kuisikia kwenye kitubio. Marcellin aliupenda mngurumo ule kwa sababu ulimsitiri. Tangu avuke miaka hamsini, kidole chake cha pete kilianza uvivu, na kila ubeti kilikosea waya wa gitaa mara moja au mbili. Kosa likitoka, ampli ililimeza, likachanganyika na kelele, na waumini wakadhani ni mapambo. Wengine walimsifu kwa mapambo hayo. Kwa hiyo mtu akimwambia apunguze sauti, yeye alisikia anaambiwa avue suruali.

Aliyemwambia hivyo kila Jumapili ni Mama Léocadie, kiongozi wa kwaya, mwanamke mfupi aliyeongoza nyimbo kwa rula ya shule. Alhamisi moja ya kiangazi aliigonga rula ile kwenye benchi, waimbaji wakanyamaza.

"Tumealikwa Salamabila," alisema. "Watafungua kanisa mupya. Kamioni haipite tena, daraja ilianguka. Tutaenda na pikipiki tano. Kila mutu abebe kitu chenye kinaweza kukaa juu ya magoti yake. Kisipokaa, kinabaki."

"Na ampli, mama?" Marcellin aliuliza.

"Itakaa juu ya magoti?"

"Magoti yangu iko nguvu."

"Yako, ndiyo. Ya pikipiki, hapana."

Kwaya ilicheka, na Déo, kijana mwembamba wa kinanda, akaona ndiyo nafasi yake ya kufanya wema. "Papa Marcellin, usisumbuke," alisema. "Piano yangu inaingia mu mufuko, naivaa ku mugongo. Na iko na gitaa ndani. Butoni makumi mbili na saba." Akabonyeza kitufe, akapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayegonga masufuria kwa heshima.

Mama Léocadie aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Bon, sawa," alisema. "Gitaa ikikaa juu ya magoti, itaenda. Isipokaa, tutafanya na butoni. Na butoni ikifanya kazi muzuri kule, itaendelea kufanya kazi hapa."

Hakuna aliyetamka neno kufukuza, lakini Marcellin si mtoto. Kwaya ikishaimba Salamabila bila yeye, Jumapili zote zitakazofuata atakaa kwenye benchi na gitaa mapajani kama mtu anayemlea mtoto wa mwenzake. Alirudi nyumbani akitembea kwa hasira, na hasira ilipoisha njiani akabaki na woga mtupu.

"Butoni!" alimwambia mke wake Julienne, aliyekuwa anakunja nguo kuukuu anazouza sokoni. "Mama Elsa, miye miaka makumi mbili, leo nimekuwa butoni!"

"Na ile mashine Michel alituma iko wapi?" Julienne aliuliza bila kuinua macho.

Michel ni mdogo wake Marcellin, yuko Bujumbura. Miaka miwili nyuma alikuwa ametuma mashine ya kidijitali iliyofungwa ndani ya suruali ili isivunjike njiani. Haikuzidi kitabu cha nyimbo kwa ukubwa, lakini barua ilisema kwamba ndani yake mna ampli sitini. Marcellin aliona ametukanwa. Aliivaa suruali, na mashine akaitupa chini ya kitanda. Ampli ya kweli, alisema, haiingii ndani ya suruali.

Sasa aliingia chini ya kitanda kwa tumbo, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele. Aliipangusa, akaiwasha, akachomeka gitaa upande mmoja na spika ya redio upande wa pili. Ampli zenyewe hazikuwamo, bila shaka. Mashine ilikuwa inaziiga tu sauti zao, jinsi kasuku anavyomwiga mwenye nyumba, halafu inazipeleka moja kwa moja kwenye mikseri na spika za ukumbi. Siku tatu Marcellin alizipitia zote sitini. Kuna iliyolia kama chupa, na kuna iliyolia kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Alipofika ya hamsini na moja, nyumba ikanguruma, kuku wakaruka ukuta, na fundi wetu akamkumbatia mke wake mbele ya wateja.

Mashine ilikuwa na vitufe viwili vya kukanyaga kwa mguu. Aliipanga hivi: ikiwashwa, inaanza na sauti ya kwanza, safi, isiyo na kelele hata chembe. Akikanyaga kitufe cha kulia, ndipo unakuja mngurumo wa hamsini na moja. Ile sauti safi aliiacha kwa sababu mashine ilitaka iwepo. Hakuwa na nia ya kuitumia, kama mtu asivyokuwa na nia ya kutumia sindano iliyoko hospitali.

Kilichobaki kilikuwa kuunda ubao mmoja mdogo wa kushika vitu vyote: mashine, pedali ya kupandisha na kushusha sauti, pedali yake ya zamani ya mwangwi, na betri ya kuchajia simu ya kulisha vyote umeme. Ubao ulitoka kwa jirani yake Kamaldine. Kamaldine alikuwa ametafuta dhahabu Salamabila miaka sita, akarudi Kasongo na goti bovu na ubao wa kuoshea mchanga. Ubao huo hulazwa mteremko kwenye maji, na juu yake hupigiliwa kapeti inayonasa vumbi zito la dhahabu huku tope likipita. Sasa ulikuwa mlango wa banda la bata.

"Chukua, jirani," Kamaldine alisema. "Ile shimo haikunipa kitu. Labda weye itakupa wimbo."

Marcellin aliukata ubao kwa urefu wa mkono, kiwiko mpaka vidole, kapeti yake ya kijani ikiwa juu. Kapeti ile ilimfurahisha kuliko ubao, maana alijua la kufanya. Alichukua viatu vya watoto katika mzigo wa Julienne, vile vinavyofungwa kwa kitambaa chenye miiba midogo kinacholia krrr, akavinyofoa vitambaa vyote na kuvigundisha chini ya pedali. Pedali ikiwekwa juu ya kapeti, miiba inanasa nyuzi, haitoki ng'o. Kazi ilikuwa safi. Julienne alipoona viatu tisa visivyofungika tena, alisema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa mengine yalikuwa ya Kizimba, lugha ya kwao, na mengine yalimhusu mama mkwe wake.

Waya fupi alizikata na kuzilehemu mwenyewe, kila moja haizidi kidole. Kwenye umeme ndipo fundi alipofanya kosa la ufundi. Redio karibu zote alizowahi kutengeneza zinataka chanya katikati ya tundu, hasi nje. Pedali ya gitaa inataka kinyume, na imeandikwa ubavuni, kwa mchoro. Lakini fundi mwenye miaka thelathini kazini hasomi ubavu wa kitu. Alichomeka alivyozoea, na pedali ya mwangwi ikatoa moshi mwembamba wa buluu, halafu ikanyamaza moja kwa moja.

"Ni kawaida?" Julienne aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni kawaida," alisema Marcellin, machozi yakimlengalenga.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipotulia, akageuza waya wa kuilisha mashine umeme, akapekua ndani yake, akakuta mna mwangwi pia, wa aina kumi na mbili. Pale ilipokuwa imekaa pedali marehemu akaweka betri. Kisha akaketi kwenye kigoda, gitaa mgongoni, ubao magotini, akamwomba Julienne amshike mabega na kumtikisa kama barabara ya Lusangi iendayo Salamabila. Julienne, ambaye bado alikumbuka viatu, alimtikisa kwa moyo wake wote. Hakuna kilichoanguka isipokuwa Marcellin.

Siku ya kukaguliwa, Mama Léocadie alipima magoti kwanza, halafu ubao. Vilibaki vidole viwili.

"Bon. Utaenda," alisema. "Lakini butoni nayo itaenda. Nitasikiliza, na nitaamua kule kule."

Walisafiri siku mbili. Marcellin alikaa katikati, mbele yake dereva Blaise, nyuma yake soprano mnene aliyesali kila kwenye shimo. Ubao ulikaa juu ya magoti kama ilivyoahidiwa. Walipofika Lusangi hakuisikia miguu yake tena, lakini vitu vyote vilikuwa mahali pake, naye alijiona bwana harusi.

Jumamosi mchana waliingia Salamabila. Kanisa jipya lilinukia rangi, spika mbili na mikseri vilikuwa tayari vimeazimwa, na uwanja ulijaa watu waliokuja kuona kwaya ya Kasongo. Marcellin alichagua kivuli penye watu wengi, kwa bahati tu, bila shaka, akaufungua mfuko na kuuweka ubao chini. Alikwisha kuandaa maelezo yake kuhusu ampli sitini.

Watu wakakusanyika. Wanaume kumi, kumi na tano, wote wamechuchumaa, wote wanaangalia. Kifua cha Marcellin kilivimba. Kisha mmoja akanyoosha kidole, akaipita mashine, akaigusa kapeti na kuisugua, akanusa kidole chake.

"Mukubwa," alisema, "hii kapeti mulishaichoma?"

"Kuichoma? Sababu gani?"

Wakatazamana kwa huruma. Marcellin ni mtu wa Kasongo mjini, hakujua kitu ambacho kila mtoto wa Salamabila anajua. Kapeti ya kuoshea haitupwi. Ikizeeka, inachomwa, na majivu yake yanaoshwa kwenye karai, maana vumbi la mwisho hujificha ndani kabisa ya nyuzi ambako maji hayafiki. Kapeti isiyochomwa ni kazi isiyomalizika. Na huyu hapa mpiga gitaa kutoka mbali amekuja nayo mpaka kanisani, amebandika redio juu yake.

Habari ilifika kwa Papa Pacifique, mnunuzi wa dhahabu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, kabla Marcellin hajainuka. Alikuja akitembea taratibu, kama watu wote wanaobeba mizani mfukoni. Akauliza kapeti ni ya nani. Marcellin akampigia Kamaldine simu, akaweka sauti nje ili wote wasikie.

Kamaldine alicheka sana. Halafu akaacha. Miaka sita ya tope si kitu cha kucheka muda mrefu.

"Nilisahau," alisema. "Nilikuwa na hasira na ile shimo, nikasahau. Muichome. Chenye kitatoka, ipewe hiyo nyumba ya Mungu. Miye naenda musikitini, lakini Mungu haulizi anwani."

Watu wakapiga makofi. Marcellin naye alipiga, mikono yake ikiwa mizito. "Tutaichoma kesho, baada ya misa," alisema. "Ndiyo inashika vyombo vyangu. Kesho, wababa. Saa sita tu."

Papa Pacifique alimwekea mkono begani. "Papa, hii habari imeshafika ku mashimo yote," alisema kwa upole. "Ukilala nayo leo, utaamuka bila kapeti. Na utaamuka bila hiyo mashine pia, sababu mwizi hana muda wa kubandua."

Hapo hapakuwa na ubishi. Marcellin alipiga magoti, akabandua mashine, krrr, akabandua pedali, krrr, akabandua betri. Mlio ule ulimuuma kama meno yanayong'olewa. Kapeti ikang'olewa misumari, ikawekwa juu ya bati, ikachomwa jua likingali juu, kwaya nzima na nusu ya mji wakizunguka. Akina mama wawili wakaosha majivu. Mwishowe, chini ya karai, kikabaki kitu cha njano ambacho ungeweza kukipoteza chini ya ukucha. Papa Pacifique alikipima kwa uzito wa vijiti vya kiberiti, kama wanavyopima huko, na hakikufika viwili.

"Itanunua mishumaa," alisema kwa heshima zote. Watu wakashangilia hata hivyo, wakampongeza Marcellin. Alishukuru kila mmoja na kutamani kulia.

Jumapili asubuhi alibaki na ubao mtupu na vitambaa vyenye miiba visivyo na cha kunasa. Mashine ilivyokaa ubaoni, ikikanyagwa tu itateleza na kung'oa waya. Hapo Blaise, dereva, akatoa kamba zake za mpira, zile zilizokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, ambazo hufunga magodoro, mbuzi na kila kinachosafiri Maniema. "Papa, hii ni kazi yangu," alisema. Akazungusha, akavuta kwa meno, akakaza mafundo. Alipomaliza, ungeweza kuutupa ubao ule mtoni na ukaokotwa mzima.

Jenereta haikuwashwa mpaka misa ianze, kwa kubana mafuta. Kengele ikalia, maandamano yakaingia, Mama Léocadie akainua rula. Marcellin akapeleka mguu kwenye kitufe cha kulia, kwenye mngurumo wake, na hakukikuta. Palikuwa na mpira, matabaka matatu. Akatafuta cha kushoto, nacho kimefunikwa. Alikanyaga kwa kisigino, akakanyaga kwa vidole. Mafundo ya Blaise hayajawahi kufunguka kabla ya mzigo kufika.

Ilibaki ile sauti ya kwanza, isiyo na mahali pa kujificha.

Upande wa pili Déo alimwona anahangaika, akaweka kidole juu ya kitufe cha ishirini na saba, tayari, akamtazama Mama Léocadie. Mama Léocadie alimtazama Marcellin. Kisha akamwelekezea Déo rula: ngoja.

Marcellin akapiga. Sauti ya waya wa kwanza wa gitaa ilitoka peke yake kwenye spika zote mbili, nyembamba na safi, akashtuka mwenyewe kwa jinsi alivyosikika. Akapiga wa pili. Hakuna kitu kilichomfunika, kwa hiyo alicheza polepole, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa utotoni, akikipa kila kidole nafasi yake. Kwenye ubeti wa pili kidole cha pete kikakosea. Kanisa zima lilisikia. Hakuna aliyedhani ni mapambo. Nyuso zikageuka, Marcellin akaziona, aibu ikampanda mpaka masikioni, naye akaendelea, maana wimbo ulikuwa bado unatembea. Ubeti wa tatu hakikukosea. Wa nne, soprano mnene aliyesali njia nzima akaacha kupiga kelele na kuimba kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nzuri kuliko tulivyojua, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakushindana na ngurumo. Wengine wakamfuata. Déo alikuwa ameondoa kidole, lini, hakujua.

Baada ya misa, Marcellin alikuwa uani anajaribu kufungua mafundo kwa kisu alipoona viatu vya Mama Léocadie mbele yake. Hakuinuka.

"Ulikosea ubeti wa pili," mama alisema.

"Nilikosea, mama."

"Jumapili zote unakosea ubeti wa pili. Miaka mingi najua."

Kisu kikasimama. "Ulikuwa unasikia?"

"Masikio yangu iko muzima. Nilikuwa nangoja siku utajua kwamba tunakupenda na hiyo makosa yako." Akaibana rula kwapani. "Mwezi ujao tutaenda Kabambare. Weye na gitaa. Ampli ibaki." Akaenda zake kula wali na wageni.

Marcellin alitoa simu, akampigia Julienne. Julienne aliitika katikati ya kelele za soko.

"Baba Elsa? Ilienda namna gani? Walikubali?" Akapaza sauti. "Baba Elsa? Batri imeisha?"

"Hapana," Marcellin alisema. "Niko nalia tu."